UZI: "Wananchi walijulishwa." Walijulishwa akina nani, lini, na kwa lugha gani?

Kila mjadala wa reli ukianza humu, haziishi dakika kumi kabla ya mtu kuandika "wananchi walijulishwa," na mwingine kumjibu "hakuna aliyetuambia kitu." Halafu matusi yanaanza. Juzi nimefuata watu wawili wakibishana hivyo kuanzia saa mbili usiku hadi karibu saa sita, na ukisoma kwa utulivu unagundua wote wawili walikuwa wanasema kweli. Ndiyo maana naandika uzi huu. Sitataja mwanasiasa wala chama. Ukikuta mtu wako humu ndani, umemleta mwenyewe.

Mimi ni wa Taveta. Kaunti yetu imepitiwa na reli tatu. Ya kwanza ni ile ya Uganda ya miaka ya 1890, iliyopita Voi na Tsavo. Ya pili ni ya vita, kutoka Voi hadi kwetu Taveta, 1915 na 1916. Ya tatu ni SGR, 2014 hadi 2017. Kwa hiyo kama kuna watu Kenya hii wamewahi kuamka asubuhi wakakuta vigingi shambani, ni sisi.

Lakini nianze mbali kidogo, kwa sababu najua kuna mtu tayari anaandika "wenzetu ng'ambo wanachimba reli chini ya jiji na hakuna kelele." Haya, twende huko.

Reli ya kwanza ya chini ya ardhi duniani ilifunguliwa London Januari 1863, kutoka Paddington hadi Farringdon. Hawakuwa na mashine za kutoboa kama panya. Walichimba mtaro katikati ya barabara, wakajenga kuta na dari ya matofali, wakafukia. Barabara ikawa shimo, maduka yakakosa wateja, nyumba zikaegemezwa kwa magogo. Juni 1862 mfereji wa majitaka wa Fleet ukapasuka na kumwagika ndani ya kazi.

Na sheria ya kujulisha watu walikuwa nayo. Kampuni ikitaka kujenga reli ilibidi itangaze magazetini na ipeleke ramani mahali ambapo wenyeji wangeweza kuzitazama kabla ya Bunge kujadili. Kuanzia 1853 Bunge likaongeza sharti: semeni pia mtabomoa nyumba ngapi za watu wa kazi za mikono. Kwenye karatasi, safi kabisa.

Sasa angalia kilichotokea. Notisi na fidia vilimfuata mwenye nyumba. Yule mpangaji wa chumba kimoja, anayelipa kwa wiki, hakuwa na hati yoyote, kwa hiyo alifukuzwa kwa notisi ya wiki kama mpangaji mwingine yeyote, na hizo hesabu za nyumba kampuni zilikuwa zinazipunguza. Bonde la Fleet, lililokuwa limejaa masikini, likafagiliwa. Yaani hata huko, mwaka huo, habari ilimfikia mwenye karatasi. Anayelala pale aliisikia kwa mlio wa sururu.

Shikilia hilo, kwa sababu watu hao hao ndio waliokuja kwetu.

Reli ya Uganda ilianza kutandikwa Mombasa mwaka wa 1896. Mwaka uliofuata, Waingereza walichukua sheria ya India ya 1894 ya kutwaa ardhi wakaileta huku, na wakajipa maili moja kila upande wa reli. Sheria hiyo ilikuwa na utaratibu wa notisi, na madai, na uchunguzi. Lakini notisi inahitaji mtu wa kupewa, na ili upewe lazima utambuliwe kuwa mwenyewe. Kufikia 1899 wanasheria wa serikali yao walishashauri kwamba ardhi tupu ya himaya kama hii iko mikononi mwa serikali. Sasa mfugaji aliyehamisha ng'ombe kwenda majini, au Mdawida ambaye shamba lake la bondeni limepumzishwa msimu huo, ardhi yake inaonekanaje kwa mtu aliye ndani ya hema na ramani? Inaonekana tupu. Na ardhi tupu haipelekewi notisi.

Nasema hivi bila kudai kwamba kila kitu kilifanywa kwa hila. Wengi wao waliamini kabisa kwamba wamefuata sheria. Hilo ndilo linalonitisha zaidi, kusema kweli.

Reli ya pili ndiyo yetu hasa, na hapa nitakaa kidogo.

Agosti 1914 vita vikaanza Ulaya. Tarehe 15 ya mwezi huo huo Wajerumani walivuka kutoka Moshi wakaiteka Taveta, na wakakaa nayo hadi Machi 1916. Katikati ya Taveta na Voi kuna nyika kavu, karibu kilomita mia moja. Jeshi haliwezi kuvuka pale na maji ya kubeba kichwani. Kwa hiyo mwanzoni mwa 1915 Waingereza wakaanza kutandika reli kutoka Voi kuelekea magharibi, na bomba la maji kutoka milima ya Bura. Katikati ya mwaka reli ilikuwa Maktau. Februari 1916 wakapigana Salaita wakashindwa, Machi wakapigana Latema na Reata wakapita, na reli ikaendelea kuvuka mpaka hadi Kahe, ikaungana na ile ya Wajerumani ya Tanga na Moshi.

Hakuna aliyeitisha baraza. Ni vita, utasema, nani aitishe baraza wakati wa vita? Sawa, nakubali. Jeshi halitangazi reli yake inapita wapi wakati adui anakuja usiku kuilipua, na Wajerumani walikuwa wanaivizia kweli kweli.

Lakini siri ile ilikuwa na gharama, na nataka watu wa Kenya nyingine waijue. Kusini ya Voi kuna mlima Kasigau. Agosti 1915 Wajerumani walishambulia kituo cha Waingereza pale. Waingereza wakasema wenyeji ndio waliovujisha habari. Jibu lao likawa kuwaondoa Wakasigau mlimani, kijiji baada ya kijiji, nyumba zikachomwa, watu wakapelekwa Malindi. Watu wa mlimani, waliozoea baridi na ndizi, wakatupwa kwenye joto na mbu wa pwani. Wengi walikufa kwa njaa na malaria. Waliobaki hawakurudi kukaa Kasigau hadi miaka ya 1930.

Fikiria hilo kwa lugha ya leo. Watu ambao hawakuambiwa chochote kuhusu vita, reli wala mipango ya mtu yeyote, waliadhibiwa kwa kosa la kutoa habari.

Bibi yangu, aliyezaliwa baada ya mambo haya, alikuwa na msemo wa nyumbani kwake. Ukimuuliza kitu asichokijua alikuwa anajibu, "Mimi sijui, mwanangu, mimi nakaa tu kando ya reli." Tulikuwa tunacheka. Nimekuja kuuelewa nikiwa mtu mzima.

Haya, tusonge mbele haraka. Uhuru. Sheria ya kutwaa ardhi ya 1968 ikachukua nafasi ya ile ya India, lakini notisi ikaendelea kuchapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Naomba aliyewahi kumwona mama mboga wa Taveta akisoma Gazeti Rasmi anitumie picha. 😅

Kisha Katiba ya 2010, na hapa mambo yalibadilika kwa kweli. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 40 kinataka fidia ya haki, kamili, na ilipwe haraka. Na kile kifungu cha 40 kina kipande ambacho watu wengi hawakijui: fidia inaweza pia kulipwa kwa mtu anayekaa kwenye ardhi kwa nia njema hata kama hana hati. Yule mpangaji wa London wa 1863, yule mfugaji wa Voi wa 1897, hatimaye amepata mstari mmoja kwenye Katiba ya mtu.

Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema Tume ya Kitaifa ya Ardhi ichapishe notisi, na nakala ifikishwe kwa kila mtu anayeonekana kuwa na haki kwenye ardhi ile. Siku 30 au zaidi zipite kabla ya kikao cha kusikiliza madai, na notisi ya kikao chenyewe itoke siku 15 kabla. Kanuni za mazingira za 2003 zinataka mabango karibu na mahali pa mradi, tangazo gazetini wiki mbili mfululizo, tangazo redioni kwa lugha rasmi na za wenyeji, na mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoathirika. Halafu 2016 ikaja Sheria ya Kupata Habari.

Kwa hiyo yule anayeandika "walijulishwa" anaweza kukuletea karatasi zote hizi na tarehe zake. Hadanganyi.

Ila sasa rudi kwenye maneno "lugha za wenyeji." Kaunti hii ina Kidawida, Kisagala, Kikasigau, Kitaveta, na hapo sijahesabu Kikamba na Kimaasai. Mimi binafsi sijawahi kusikia tangazo la mradi mkubwa likisomwa kwa Kitaveta. Kiswahili tunakielewa, ndiyo. Lakini Kiswahili cha "tathmini ya athari" na "utwaaji wa lazima" hata mwalimu anakisoma mara mbili.

Na hapo ndipo SGR inapoingia. Kazi ilianza rasmi mwisho wa 2014, treni ya kwanza ya abiria ikatoka tarehe 31 Mei 2017. Kilomita 472 hivi kutoka Mombasa hadi Nairobi, na sehemu kubwa ya kaunti yetu iko katikati: Miasenyi, Voi, Tsavo. Mkopo kutoka Benki ya Exim ya China. Kilomita 472 kwa miaka miwili na nusu ni mwendo wa ajabu, na wahandisi wanastahili sifa yao. Lakini kazi ikienda mbio hivyo, habari inabaki nyuma. Notisi zilitoka, mikutano ilifanyika, na bado malipo ya fidia yalichelewa kwa watu wengi kando ya njia hiyo, hadi ikawa wimbo wa kila siku.

Tsavo walijengewa njia za wanyama chini ya tuta ili tembo wapite, na watafiti wakafuatilia tembo hao kwa vifaa vya shingoni kuona kama kweli wanazitumia. Nilifurahi. Kisha nikajiuliza ni nani alifuatilia watu kuona kama kweli notisi zimewafika.

Na mkataba wenyewe? Mwaka wa 2020 Mahakama ya Rufaa ilisema ununuzi wa mradi ule haukufuata Katiba na sheria ya manunuzi. Mei 2022 Mahakama Kuu Mombasa ikasema mikataba ile ni habari ambazo raia ana haki ya kuziona. Angalia tarehe. Treni ilikuwa na umri wa miaka mitano.

Kuna wale watasema: "Mkiambiwa mapema mnaleta madalali." Hoja hii ni nzito kuliko wengi wanavyokubali. Ni kweli njia ya mradi ikijulikana, bei ya ardhi inaruka, na miti inaota usiku mmoja, na vibanda vya mabati vinasimama ambavyo havina hata kitanda ndani. Pesa ya umma inaliwa hivyo. Mwaka wa 2019 Bunge lilibadilisha sheria kwa sababu kama hizi, likaleta fahirisi ya bei za ardhi, na likaongeza kwamba malipo "ya haraka" yanaweza kuwa hadi mwaka mmoja baada ya ardhi kuchukuliwa. Mwaka mmoja ni haraka, kwa mujibu wa sheria. Mwambie hivyo mtu anayelipa kodi ya nyumba.

Lakini kuhusu madalali, jibu langu ni hili. Dalali hasubiri bango. Dalali ana binamu ofisini. Ukificha ramani, yeye ataipata na jirani hataipata, kisha atakwenda kwa jirani yule yule na kumnunulia shamba kwa bei ya mbuzi. Siri haijawahi kumzuia dalali.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwenye mijadala hii huwa halitajwi kabisa. Tunabishana kuhusu kujulishwa KABLA. Je, wakati kazi inaendelea?

Nitawapa kisa cha nyumbani, na sitataja mradi wala kampuni. Miaka michache iliyopita shangazi yangu alikuwa anakaa karibu na mahali walipokuwa wanapasua miamba kwa baruti ili kupata kokoto. Kulikuwa na baraza la chifu mwanzoni. Shangazi alikwenda, alitia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, akapewa soda. Baada ya hapo, kimya. Mlipuko wa kwanza ulimkuta anakama mbuzi. Kila siku saa tofauti. Watoto walizoea, mbuzi hawakuzoea. Mwezi wa pili ukuta wa jikoni ukapata ufa, halafu wa chumbani.

Alipokwenda kulalamika aliulizwa swali moja tu, tena kwa heshima: "Mama, una picha ya ukuta huo kabla hatujaanza?"

Nani anapiga picha ukuta wake mzima?

Hakupata chochote. Na yule kijana aliyemuuliza hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na fomu, na fomu ilikuwa na kisanduku cha "hali ya awali." Kama siku ile ya baraza mtu mmoja angesema, "Jamani, kabla ya tarehe fulani tutapita nyumba kwa nyumba kupiga picha kuta zenu, na nyinyi pigeni zenu," shangazi angekuwa na ushahidi, na kampuni ingekuwa na ushahidi pia dhidi ya wale wenye nyufa za mwaka wa zamani.

Hapa ndipo reli za chini ya ardhi zina cha kutufundisha, na si kwa sababu ni za wazungu. Afrika yenyewe inayo ya Cairo, tangu 1987. Ukichimba chini ya nyumba ya mtu, huwezi kujifanya hayupo. Ardhi inaweza kutulia sentimita moja na jengo likapasuka. London ile ile ya 1863, ilipokuja kujenga reli yake mpya ya Crossrail kuanzia 2009, ilikuwa na simu ya malalamiko ya saa 24, na majengo ya juu ya njia yalikaguliwa na hali yake kuandikwa kabla ya mashine kupita chini yake. Iligharimu pesa nyingi na bado ilichelewa miaka, ikafunguliwa 2022. Sisemi ni pepo. Nasema ufa wa mtu ulikuwa na tarehe.

Mahakama zetu zimeanza kulielewa hili. Mwaka wa 2018 Mahakama Kuu iliamua kesi ya wavuvi wa Lamu kuhusu bandari mpya, ikasema haki yao ya kupata habari ilivunjwa, na ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata Baraza la Rufaa la Mazingira likafuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe huko huko Lamu kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Mikutano ilikuwa imefanyika, naam. Ila ilifanyika kabla ripoti yenyewe haijakamilika, kwa hiyo watu waliulizwa maoni kuhusu kitu ambacho hawakuwa wamekiona.

Basi ukikutana tena na ule ubishi, muulize wa kwanza: aliyejulishwa ana jina, au alikuwa "umma"? Na muulize wa pili: kulikuwa na baraza na hukwenda, au hukuambiwa? Maana hilo nalo lipo. Tunapenda kukosa mikutano kisha tuje kulia humu.

Kwa nini naandika leo? Kwa sababu maneno ya kuifufua reli ya Voi na Taveta yamerudi tena, kama yanavyorudi kila mara. Mimi naitaka hiyo reli. Nataka ndizi na nyanya za Taveta zifike Voi na Mombasa bila kupondeka kwenye lori. Lakini ardhi ya reli ile, kwa miaka mingi ya ukimya, watu wameishi nayo. Wamelima, wamejenga, wengine wamezaliwa pale. Wengine wanajua ni ya reli, wengine waliuziwa na mtu aliyetoweka.

Jumamosi, siku ya soko, nilipita kwa mama mmoja ninayemnunulia nyanya, kibanda chake hakiko mbali na reli. Nikamuuliza kama amesikia lolote. Akasema amesikia redioni kwamba reli inakuja, hajui lini. Kisha akaniuliza mimi, kwa sababu "wewe ndiye wa simu": anataka kuongeza mabati upande wa nyuma kabla ya mvua, aongeze au angoje?

Nilimwambia nitauliza. Jumatatu nilikwenda kwenye ofisi mbili. Ya kwanza walinituma ya pili, ya pili wakaniambia niandike barua. Nimeandika, nikataja Sheria ya 2016, nikaomba ramani ya mpaka wa ardhi ya reli hapa mjini na tarehe yoyote iliyopangwa. Sheria inawapa siku 21. Nitarudi hapa kwenye uzi huu huu siku ya 22, na jibu au bila jibu. Na yeye nimemwambia apige picha kibanda chake leo, pande zote nne.